Sweta la Ufipa

Kuanzia Mei hadi Agosti, msafiri anayeshuka kwenye basi Sumbawanga alfajiri akiwa na shati alilolivaa Dar es Salaam hujua papo hapo kwamba amekuja na nguo ya nchi nyingine. Mji umekaa kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani inapanda juu zaidi. Uwanda wenyewe wa Ufipa hauna miti mingi ya kuzuia upepo. Waendesha bodaboda wamejifunika hadi masikioni kwa boshori, watoto wa shule wameficha viganja ndani ya mikono ya sweta, na kichanga aliye mgongoni haonekani isipokuwa ncha ya kofia yake ya kufumwa. Sehemu nyingi za Tanzania sweta ni sehemu ya sare tu, au nguo ya safari ya usiku. Ufipa ni nguo ya lazima kama viatu.

Hata hivyo, ukifungua vitabu vyetu vya mavazi, Ufipa haimo. Kanga imeandikwa, kitenge kimeandikwa, lubega la Wamasai limepigwa picha hadi limechoka. Maonyesho ya Swahili Fashion Week yaliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008 yamewapa wabunifu wetu jukwaa, lakini kazi nyingi ya wabunifu hao ni ya kukata na kushona kitambaa kilichokwisha kufumwa na mtu mwingine. Anayefuma sweta anaitwa fundi, na kazi yake hukaguliwa kwa swali moja: limemtosha mtoto au halikumtosha? Mimi naamini fundi huyo ni mbunifu, na kwamba nyuma yake upo urithi mrefu kuliko anavyodhani yeye mwenyewe. Lakini urithi huo umekatika mahali fulani. Ili tuuheshimu, ni lazima tuseme ulikatika wapi.

Tuanze na wanaume, kwa sababu kazi ya nguo Ufipa ilikuwa ya wanaume.

Katika karne ya 19, kabla gari moshi halijafika na kabla duka la Mhindi halijafunguliwa uwandani, Wafipa na majirani zao wa bonde la Rukwa walivaa pamba waliyoifuma wenyewe. Pamba haipendi baridi, lakini Ufipa ina bahati ya umbile: uwanda uko katikati ya mabonde mawili yenye joto, ziwa Tanganyika upande wa magharibi na ziwa Rukwa upande wa mashariki, yote mawili chini kwa takriban mita elfu moja. Mtu akishuka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mkali unaotazama Rukwa, anatoka kwenye nchi ya ulezi na maharage na kuingia kwenye nchi ya pamba kwa mwendo wa saa chache. Juu kulikuwa na chuma. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila kuvukutwa, na mabaki yake bado yamesimama sehemu za Nkansi na Sumbawanga. Jembe liliteremka, chumvi ya Ivuna, samaki na pamba vilipanda. Nguo ilizaliwa katika biashara hiyo ya juu na chini.

Utaratibu wa kazi ulikuwa wa subira. Mbegu zilitolewa kwa mkono, nyuzi zikachambuliwa, kisha zikasokotwa kwa kijiti chenye kigurudumu kizito upande wa chini, ambacho huning'inia na kuzunguka huku kikivuta uzi kutoka kwenye bonge la pamba. Kitanda cha kufumia hakikuwa na miguu wala kanyagio. Magogo mawili yalifungwa kwenye mambo zilizopigiliwa ardhini, nyuzi za mtande zikanyooshwa kati yake karibu kabisa na udongo, na mfumi akaketi juu ya kazi yake, akiinua nusu ya nyuzi kwa ufito mmoja, akipitisha mshindio kwa kijiti kirefu, kisha akiupiga kwa ubao uliochongwa kama upanga. Nguo iliyotoka ilikuwa nzito, nyeupe, wakati mwingine na mistari myeusi iliyotokana na rangi za mimea. Richard Burton aliona vitanda vya namna hii Unyamwezi katika safari yake ya 1857 hadi 1859. Kazi ilikwenda polepole. Lakini mfumi yule alikuwa mkulima, na kiangazi, baada ya mavuno, muda ndiyo mali pekee ambayo mkulima anayo kwa wingi.

David Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872, miezi michache kabla ya kifo chake, na Joseph Thomson akapita mwaka 1880, safari ambayo ilimfikisha kwenye ziwa Rukwa. Walikuta nchi iliyotulia. Hilo nalo lina maelezo. Katikati ya miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walikuwa wameivamia Ufipa, na Zwangendaba mwenyewe akafia huko, mahali paitwapo Mapupo. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika na wengi wakaondoka. Falme mbili za ukoo wa Twa, Nkansi na Lyangalile, ziliposhika nchi tena, wakulima walirudi kwenye matuta yao na wafumi wakarudi kwenye vitanda vyao. Kitanda kilichopigiliwa ardhini hakibebeki wakati wa kukimbia vita. Nguo ya Ufipa ilihitaji amani kama ilivyohitaji pamba.

Sasa, wengi hudhani nguo hii iliuawa siku moja na kitambaa cha kigeni. Haikuwa hivyo. Merikani, kile kitambaa cheupe kilichotoka viwanda vya Massachusetts, kilianza kumiminika Zanzibar baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na mtawala wa Zanzibar, Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ya Marekani ikakosekana, na Manchester na Bombay wakaingia kwenye pengo hilo. Misafara ilibeba vitambaa hivi hadi Tabora na Ujiji. Lakini kila hatua kutoka pwani iliongeza bei, maana kila mzigo ulikaa kichwani mwa mpagazi anayekula kila siku. Kufikia Ufipa, merikani ilikuwa nguo ya mwenye uwezo. Mkulima aliyetaka nguo nzito ya kulalia usiku wa Julai aliendelea kumwendea mfumi wa kijijini kwao. Umbali uliwalinda wafumi kwa miongo mingi.

Kilichowamaliza kilikuwa mchanganyiko wa mambo, na nadhani lile la fedha ndilo kubwa. Serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897. Kodi ilidai sarafu, na kitanda cha kufumia hakikuzaa sarafu ya kutosha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kitambaa cha kiwandani kikashuka bei karibu na ziwa. Chini ya Waingereza vijana wa Ufipa waliondoka kwa maelfu, wengine kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wengine migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka wa kusini. Tuangalie jambo hili kwa jicho la familia moja. Ufundi wa kusokota na kufuma hujifunzwa kwa kukaa karibu na anayefanya, msimu baada ya msimu. Baba anabaki nyumbani na kitanda, kijana yuko Tanga anakata mkonge. Anaporudi baada ya mkataba, sandukuni ana blanketi na kaptura ya dukani. Hakuna aliyemkataza mzee kufuma. Alikosa tu wa kukaa naye wakati anafuma.

Wakati huohuo, chini ya paa jingine, mikono mingine ilikuwa inafundishwa.

Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya ziwa Tanganyika, iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji miaka sita kabla. Kutoka hapo walipanda uwandani. Masista Weupe walifuata katika miaka ya 1890, chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, na baadaye wakatokea masista wazalendo. Pamoja na katekisimu na kusoma, wasichana walifundishwa sindano: kushona, kudarizi, kufuma. Hapa ndipo kazi ya nyuzi ilipobadili mikono. Kilichokuwa kazi ya mwanamume, akiwa ameketi ardhini mchana kweupe, kikawa kazi ya msichana darasani, na baada ya Uhuru kikaendelea katika somo la sayansi kimu.

Na chombo pia kikawa kingine kabisa. Katika kitanda cha kufumia nyuzi mbili hukatana, mtande na mshindio, na kitambaa kinachotoka hakivutiki. Katika sindano mbili za kufumia sweta uzi ni mmoja tu, unaopita ndani ya vitanzi vyake wenyewe, safu juu ya safu, na ndiyo maana sweta huvutika na kurudi. Mfumi wa zamani wa Ufipa asingeitambua kazi hii kuwa ni yake. Kwa hiyo sitasema, kama wanavyopenda kusema waandika matangazo, kwamba mama anayefuma sweta leo Sumbawanga amerithi moja kwa moja kutoka kwa mababu wa kitanda cha ardhini. Hakurithi hivyo. Alirithi kutoka kwa mama yake, aliyerithi kutoka kwa mwalimu wake, aliyefundishwa na sista. Ukoo huu una vizazi vitatu au vinne, na ni ukoo halisi.

Katika nyumba nyingi za Rukwa, kama kwingine Tanzania, ushahidi wake umetandikwa sebuleni: vitambaa vya makochi na vya meza vilivyofumwa kwa sindano yenye ndoano, ua baada ya ua, kwa uzi mweupe wa pamba. Binti hujifunza akiwa ameketi kwenye mkeka pembeni ya bibi yake. Mnyororo kwanza, kisha duara, kisha ua. Hakuna kitabu. Bibi akiona kosa hasemi sana; anavuta ncha ya uzi, kazi ya saa nzima inafumuka, na mjukuu anaanza upya. Ufumuaji huo ni sehemu ya ufundi wenyewe. Sweta lililombana mtoto wa kwanza hufumuliwa, uzi ukazungushwa kwenye kiti, ukaloweshwa ili ukunjo unyooke, kisha ukafumwa tena kwa ukubwa mwingine na kuongezwa mistari ya rangi nyingine pale ulipopungua. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipoadimika nchini na foleni za maduka ya ushirika zikawa ndefu, akili ya namna hii ilivisha watoto wengi.

Mashine ilileta fundi wa biashara. Chanzo chake kiko mbali. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alitengeneza mtambo wa kufuma soksi. Katikati ya karne ya 19 ikagunduliwa sindano yenye ndoano na kikofia kidogo kinachojifungua na kujifunga, na Mmarekani Isaac Lamb akaunda mashine bapa ya mkono iliyotumia sindano hizo. Kampuni ya Dubied ya Uswisi ilinunua haki zake mwaka 1867, na baadaye Wajapani wakaja na mashine nyepesi za nyumbani. Wajukuu wa mashine hizo ndio wanaosikika wakikwaruza katika vibanda vya mafundi wa sweta, kutoka Nairobi hadi Mbeya na Sumbawanga. Hazihitaji umeme, na hiyo ni sababu kubwa ya kudumu kwake. Fundi anasukuma kigari kulia, safu moja. Anakirudisha kushoto, safu ya pili.

Anayemtazama kwa dakika tano anaona mikono tu. Kazi yenyewe iko kwenye hesabu. Kabla ya sweta, fundi makini hufuma kipande cha majaribio, anakifua, anakikausha, ndipo anapima. Tuseme sentimita 10 zimetoa vitanzi 30. Mwanafunzi ana kifua cha sentimita 84. Anahitaji nafasi ya kupumua na ya shati ndani, tuongeze 6, inakuwa 90. Mbele ni nusu yake, sentimita 45, kwa hiyo vitanzi 135. Pindo la chini linafumwa kwa kupishanisha vitanzi vya mbele na vya nyuma ili libane kiuno. Kwapani vitanzi hupunguzwa kidogo kidogo. Shingo ya V inagawa kazi mara mbili, na kila upande unapunguzwa kwa mwendo uleule, la sivyo V inaelekea begani. Halafu kuna jambo ambalo hakuna mwongozo utakaolieleza: mtoto wa Sumbawanga atalivaa sweta hili miaka mitatu, kwa hiyo mikono inaachwa mirefu ikunjwe, na bega linaachwa pana kidogo lakini si sana, asionekane amevaa la kaka yake. Uamuzi huo wa bega ni ubunifu. Katika miji mingine mtu angelipwa kwa kuufanya na jina lake lingeshonwa kolani.

Kwa nini basi jina la fundi halishonwi? Sababu moja ni soko. Kazi kubwa ni sare, na sare huja na rangi iliyoamuliwa na shule. Oda hujaa kabla ya shule kufunguliwa Januari, kisha zikapungua. Nje ya sare, fundi anashindana na mtumba, na sweta la mtumba la sufu safi, lililovaliwa mara chache Ulaya, linaweza kuuzwa mnadani kwa bei isiyofika hata gharama ya uzi wake. Mtumba hauwezi kumshinda fundi mahali ambapo kipimo au rangi ni lazima: sare, kwaya, seti ya kichanga yenye kofia, soksi na sweta. Humo ndimo amejificha, na humo ndimo ameishi.

Wapo waliotoka kwenye maficho hayo. Njoro, katika nyanda za juu za Nakuru nchini Kenya, kikundi cha Kenana Knitters kilichoanza mwaka 1998 kiliwakusanya wanawake wa vijijini wanaosokota sufu kwa mkono na kufuma wanasesere wa wanyama kwa ajili ya soko la ng'ambo. Njoro ina kitu ambacho Ufipa haina: kondoo wa sufu. Kondoo wetu wa kienyeji wana singa fupi zisizosokoteka. Fundi wa Sumbawanga anategemea akriliki, uzi wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli, na ana sababu nzuri: ni mwepesi, hukauka haraka, na rangi yake haichuji upesi. Ila baada ya miezi huota vidonge, na joto lake halifikii la sufu.

Lipo onyo ambalo wabunifu wa Ufipa wanapaswa kulisikia mapema. Visiwani Aran, magharibi mwa Ireland, watalii husimuliwa kwamba kila familia ya wavuvi ilikuwa na mchoro wake wa sweta, ili maiti ya aliyezama itambuliwe. Ni hadithi tamu, na si kweli. Mizizi yake iko kwenye tamthilia ya J. M. Synge ya mwaka 1904, ambamo dada anaitambua soksi ya ndugu yake kwa kuhesabu vitanzi alivyovifuma yeye mwenyewe. Wafanyabiashara ndio walioikuza hadi ikawa alama za koo. Hata sweta za Fair Isle zilipata umaarufu mkubwa baada ya mwana wa mfalme wa Uingereza kuvaa moja kwenye gofu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Siku mtu atakapojaribu kuuza sweta la Ufipa nje, atashawishiwa abuni alama za ukoo wa Twa au michoro ya siri. Asifanye hivyo. Tunacho cha kweli kinachotosha: nguo nyeupe nzito yenye mistari myeusi, iliyofumwa na wakulima katika nchi ya baridi. Mistari hiyo inaweza kuhamia kwenye sweta kwa haki kabisa, mradi anayeihamisha aseme wazi kwamba chombo ni kingine na mikono ni mingine.

Napenda zaidi wazo la kuanzia kwenye pamba. Tanzania inalima pamba nyingi na kusafirisha sehemu kubwa yake nje ikiwa bado haijasokotwa, halafu fundi wa Sumbawanga ananunua koni ya akriliki iliyovuka bahari. Pamba pekee haifai sana kwa sweta: ni nzito, ikilowa inavutika, na hairudi. Lakini uzi wa pamba uliochanganywa na akriliki unavaa vizuri na unafulika. Viwanda vya kusokota nchini vinaangalia oda za tani, si za mafundi wachache wa Rukwa, kwa hiyo jambo hili litahitaji ushirika wa wanunuzi, mafundi wa Sumbawanga, Njombe, Mbeya na Makete wakiagiza pamoja. Nchi zote hizo ni za baridi, na zote zina shule.

Wakati huo haujafika, na mashine hazipaswi kulala kuanzia Februari hadi Novemba. Anayetaka kujaribu leo aanze na skafu. Haina bega, haina shingo, haimpotezei mtu uzi akikosea. Vitanzi 60 upana, nyeupe sentimita 20, kisha mistari myeusi ya safu nne nne, nyeupe tena, hadi ifike mita moja na nusu. Aiuze Mei, baridi inapoanza, stendi ya mabasi, kwa wale wanaoshuka na mashati ya Dar es Salaam. Na kwenye ncha moja, ashone jina lake.